Mafuta ya Winchi

Sehemu ya saba

“Nipige! Mbona umeuning'iniza huo mchi hewani kama bendera ya Serikali? Nipige!”

Mchi haukushuka. Najua, ndugu msomaji, wiki nzima umekaa ukijiuliza kama Generosa alimpasua Paskalia kichwa pale bombani, na nasikia wako waliowekeana dau la soda. Hakumpasua. Lakini maneno aliyomtupia mbele ya wanawake wa laini nzima ya nyumba, ndoo zimepangwa mstarini, yaliuma kuliko mchi.

“Mumeo mlevi! Amemtupa Cornel wangu shimoni kama mtu anayetupa maganda ya ndizi! Mguu umevunjika mara mbili, mtu analala anamwita mama yake aliyekufa, halafu wewe unakuja hapa kuteka maji na nywele umesuka!”

“Sijasuka.”

“Unanijibu?”

“Nakujibu. Nywele sijazigusa tangu juzi. Na nilikuja kumwona mumeo, ukanifungia mlango.”

“Nikufungulie uje kuangalia vipande vyake?”

Wanawake wakaguna. Kambi ya mgodi wa Nyamitundu ndivyo ilivyokuwa. Ukipiga chafya nyumba ya kwanza, nyumba ya kumi wanakuombea afya, na kufika ya ishirini umeshazikwa. Habari ya juzi kila mtu alikuwa nayo, na kila mtu alikuwa na yake.

Ukweli wenyewe ulikuwa huu. Herman, mume wa Paskalia, ndiye aliyekuwa mwendesha winchi, ile mashine inayoteremsha watu shimoni ndani ya ndoo kubwa ya chuma. Juzi asubuhi ndoo ilitakiwa kusimama katikati ya shimo, kwenye jukwaa la pili. Haikusimama. Cornel, mume wa Generosa, alikuwa ameshatoa mguu mmoja nje akanyage jukwaa. Ndoo ikaporomoka naye. Herman alikuja kuishika breki pima mbili kabla ya kufika chini. Wenzake wawili walitoka na michubuko. Mguu wa Cornel ulikuwa umesagwa kati ya chuma na mwamba.

“Mlevi!” Generosa akarudia. “Na wewe mke wa mlevi!”

Hapo uvumilivu wa Paskalia ukakatika kama kamba mbovu.

“Mama Klara, alilewa kwa kikombe cha nani?”

Bomba likabaki linatiririka peke yake.

“Nakuuliza. Moshi aliokunywa Herman juzi ulipikwa wapi? Ulitoka kwenye debe la nani, nyuma ya choo cha nani?”

Mchi ukashuka, taratibu, mpaka ukagusa udongo. Maana hakuna asiyejua. Generosa ndiye aliyekuwa akipika moshi wa kambi nzima, ile pombe nyeupe kama maji, ambayo ukiimwaga karibu na kibiriti inaondoka na nyusi zako.

Na hakuna asiyejua desturi ya “mafuta ya winchi.”

Ilianza kama wema. Mwaka uliopita msaidizi wa Herman aliondoka kurudi kwao, na nyapara Ignas hakutaka kuomba mtu mwingine. Alimwachia Herman zamu zote mbili, tangu kunakucha mpaka jua linazama. Saa sita mchana akimwona kichwa kinaning'inia, anamletea nusu kikombe. “Dawa ya macho hiyo,” anasema, anampigapiga bega. Nusu ikawa kikombe. Mchana ukawa asubuhi. Miezi mitatu haijaisha, Herman hawezi kufunga kifungo cha shati kabla hajanywa, mikono inacheza kama ya mzee anayesubiri kuzikwa.

Sasa sikia walichofanya wachimbaji, watu wazima wenye akili zao, wanaojua kupima utambi wa baruti kwa jicho. Walikaa wakaamua hivi: asipokunywa mkono unacheza, akinywa mkono unatulia, basi anywe! Kila timu, kabla ya kushuka, ikawa inampelekea kikombe. Winchi bila mafuta inakwama, walisema, wakacheka, wakashuka. Walizitundika roho zao kwenye mkono wa mlevi, halafu wakamnywesha wenyewe.

“Kikombe cha juzi kiliagizwa na mumeo,” Paskalia akasema. Sauti yake sasa ilikuwa ndogo, na ubaya wake ulikuwa humo. “Ilikuwa zamu ya timu yake. Wewe ukakijaza. Ukasema, ‘Leo nimemzidishia, Cornel wangu ateremke kama yai.’”

Generosa akamtazama. Machozi yalikuwa yameshafika, lakini ulimi wa mwanamke yule ulikuwa haujafa.

“Ndiyo. Nilikijaza mimi. Na nani alikibeba, Mama Onesmo? Nani alikifunika kwa ncha ya kanga akapita nacho getini?”

Paskalia akaitazama ncha ya kanga yake.

Alikibeba yeye. Asubuhi ile Herman alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, meno yanagongana, anamwambia, “Mke wangu, leo siwezi hata kushika mswaki, nenda kakichukue.” Naye akaenda. Kama alivyokwenda jana yake, na juzi yake. Amemtafunisha Herman karafuu ili meneja asinuse, amemnywesha mayai mabichi, amesimama getini mara nne akidanganya kwamba mume ana homa. Mwaka mzima alijiita mke mwema.

Hasira aliyokuwa nayo ikageuka, ikamtazama usoni yeye mwenyewe.

“Endeleeni kugombana,” sauti ikasema nyuma yao. “Masele anafungwa.”

Aliyesema alikuwa Scolastika, mke wa Masele. Hakuwa na ndoo wala kanga kichwani. Masele ndiye mpiga kengele wa jukwaa la pili. Kengele moja, winchi isimame. Kengele mbili, ishuke.

“Wamemtia pingu,” Scolastika akasema. “Herman amesema alisikia kengele mbili. Nyapara Ignas naye ameapa alisikia mbili. Saa nane mchana lori la polisi linaondoka kwenda Mwanza, na mume wangu yumo. Mimi sikuja kumtukana mtu. Nimekuja kuwauliza tu, ninyi mnaojua kikombe kilitoka wapi, mnalalaje?”

Paskalia aliacha ndoo yake pale pale mstarini, maji yanafurika, akaelekea ofisini.

*

Meneja wa mgodi alikuwa Mzungu mrefu ambaye kambi ilimwita Bwana Kijiko, kwa sababu alikoroga chai kuanzia asubuhi mpaka jioni na hakuna aliyewahi kumwona akiinywa. Alikuwa anakoroga Paskalia alipoingia bila kubisha hodi.

“Wewe nani?”

“Shikamoo, Bwana. Mimi ni mke wa Herman.”

“Mimi hapana ita wewe.”

“Najua, Bwana. Mtu wa jikoni haitwi mpaka chakula kiungue.”

Herman alikuwa benchini, amenyolewa ndevu, shati limefungwa mpaka kooni na mikono ya mtu mwingine. Ignas alikuwa amemchukua tangu jana jioni “amtunze,” yaani amfiche asinuke. Nyapara mwenyewe alisimama nyuma yake, koti la kaki, filimbi shingoni, tumbo mbele kama bwana harusi.

Na sakafuni, pingu mikononi, alikaa Masele.

“Kengele moja, Bwana,” alikuwa akisema, kama mtu aliyekwisha kusema mara ishirini. “Moja. Mimi ni mtu wa Mwakitolyo, kusoma sijui. Lakini moja naijua.”

“Alipiga moja,” Paskalia akasema.

“Wewe ilikuwa shimoni?”

“Sikuwa shimoni. Lakini najua kwa nini mume wangu hakuisikia. Alikuwa amelala macho wazi. Alikunywa kikombe kizima cha moshi kabla hajashika winchi, na kikombe hicho nilikibeba mimi, kwa mkono huu.”

Kijiko kikasimama ndani ya chai.

“Paskalia,” Herman akanong'ona, “nyamaza. Utatuua.”

“Tumeshakufa, Herman. Tumebaki kunuka tu.”

“Mke wangu ana homa, Bwana. Tangu juzi hajalala...”

“Basi, Bwana, mpe hicho kikombe chako akishike. Kama mimi ndiye mwenye homa, mikono yake itatulia.”

Bwana Kijiko alimtazama Paskalia, akamtazama Herman. Halafu, polepole, akasukuma kikombe mpaka ukingoni mwa meza.

Herman alikiangalia kama mtu anayeangalia nyoka. Akanyoosha mkono. Kisahani kikaanza kuimba. Kililia ki-ki-ki-ki, chai ikaruka, ikamlowesha magoti, na Herman, mwanamume aliyewahi kuteremsha kreti za mayai shimoni kwa mchezo bila kuvunja hata moja, akainamisha kichwa akalia kwa sauti.

Paskalia alitaka kumkimbilia. Akajizuia. Mwaka mzima alikuwa akimkimbilia.

“Malaria, Bwana,” Ignas akasema, laini kama siagi. “Nusu ya kambi inatetemeka.”

“Mwongo!” Paskalia akageuka. “Nani alimpa kikombe cha kwanza? Nani alikiita dawa ya macho? Nani alimfanyisha zamu mbili mwaka mzima, huku kwenye karatasi ameandika watu wawili?”

Hapo Bwana Kijiko akatazama dirishani. Usidhani hakuelewa. Alielewa upesi sana. Ulevi ukiandikwa, wakubwa wa Mwanza watauliza kwa nini mtu mmoja alishika winchi tangu kunakucha mpaka jioni. Kengele ikiandikwa, kosa ni la mtu asiyejua kusoma, na mgodi unaendelea kunguruma. Kumtupa Masele kulikuwa rahisi kuliko kuajiri mtu wa pili wa winchi.

“Maneno ya mke peke yake hapana tosha,” akasema hatimaye. “Nani napika hii pombe? Lete yeye. Aseme mwenyewe nani naleta, nani natoa amri. Saa nane lori nakwenda. Yeye hapana kuja, Masele nakwenda.”

Masele akainua uso. “Wabeja, mayu,” akamwambia Paskalia kwa Kisukuma, ahsante mama, kana kwamba ameshaokoka. Neno hilo lilimkata Paskalia kuliko matusi yote ya bombani. Maana aliyepika ni Generosa. Na Generosa akikiri kupika moshi, ni jela miezi sita, na nyumbani ana mume asiyeweza kusimama.

Ignas alimfuata Paskalia mpaka barazani.

“Mama Onesmo, watu wakifukuzwa Nyamitundu huwa wanatoka na godoro tu.”

“Sisi hatuna godoro, Nyapara. Tulilinywa.”

Akacheka. Halafu akapuliza filimbi, akapita laini moja hadi nyingine akitangaza kwa sauti ya mnadani: atakayempa mke wa Herman hata maji ya kunywa, atakayemfungulia mlango, atakayemkaribisha, jua halitazama yumo ndani ya nyumba ya mgodi!

*

Milango ya mabati ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Pa! Pa! Pa!

Paskalia alipita katikati. Njia ile ameipita miaka mitano, lakini siku hiyo ndipo alipoiona. Nyumba ya nne: siku ya posho mwanamume hupeleka unga moja kwa moja kwa mpika moshi, mkewe anaokota mchicha ng'ambo ya reli ya vigari. Nyumba ya tisa: fundi wa baruti aliyebakiwa na vidole vitatu, na bado anashangaa vingine vilikwenda wapi. Nyumba ya kumi na tatu: mama mjane, mumewe alizikwa mwezi wa nne, kwenye matanga watu walikunywa kilekile kilichomwua, wakamsifu marehemu kwamba alikuwa na kifua cha kunywa.

Na kote huko walikuwa na jina zuri la jambo hilo. Dawa. Mafuta. Kifua. Hakuna aliyesema ugonjwa. Hakuna aliyesema kaburi.

Aligonga mlango wa mwanamke waliyesukana naye nywele tangu wafike kambini. Ndani, mtoto alianza kusema “Ni Mama O...” akazibwa mdomo.

“Ulaaniwe wewe,” Paskalia akaliambia bati, na machozi ya hasira yakamtoka. “Ukija kunililia zamu ya mumeo ikifika, ntakuja. Ndiyo adhabu yako. Ntakuja.”

Saa saba ilishapita. Kule ofisini dereva wa lori alikuwa anajaza maji kwenye rejeta.

Mlango wa Generosa ulikuwa wazi kwa sababu ya moshi wa kuni. Paskalia alikuwa amebakisha hatua tatu aliposikia sauti ya mwanamume. Akaganda.

Ignas amemtangulia.

Alikuwa mkekani, ameshanawa mikono. Mbele yake kuku mzima aliyemleta mwenyewe, amepikwa, mchuzi unang'aa. Cornel alikuwa kitandani, mguu umefungwa kati ya mbao mbili, uso umekuwa rangi ya majivu. Generosa, mgongo kwa mlango, alikuwa anasonga ugali.

“Ukisema, utafungwa,” Ignas alikuwa akimwambia. “Cornel huyu nani atamgeuza kitandani? Klara nani atamlisha? Ukinyamaza, mumeo akipona nampa ulinzi wa getini, anakaa kwenye kiti. Nimesema vibaya?”

“Hujasema vibaya,” Generosa akajibu bila kugeuka. Mwiko unazunguka.

“Mama Klara,” Cornel akaita kutoka kitandani, sauti kama ya mtu aliye chini ya shimo. “Kikombe kile niliagiza mimi. Masele hakukosea.”

“Wewe lala,” Ignas akamwambia. “Mgonjwa haongei.” Akajipangusa mdomo ingawa hajaanza kula. “Na jambo jingine, mama, tusisahau kazi. Nimeshapata mtu wa winchi. Kijana wa Kharumwa, anaanza leo saa tisa. Hajalala tangu jana, amekuja kwa miguu. Mchemshie kidogo.”

Mwiko ukasimama.

“Nimchemshie nini?”

“Ah, Mama Klara! Winchi mpya nayo inataka mafuta.”

Nje, Paskalia aliuma ncha ya kanga asipige kelele. Damu ya Cornel bado iko kwenye ule mwamba. Haijakauka!

Generosa aligeuka sasa. Jasho lilikuwa linamtiririka, na macho yake yalikuwa mekundu, lakini si kwa sababu ya kuni.

“Ana umri gani?”

“Ishirini, ishirini na moja.”

“Anakunywa?”

Ignas akatabasamu. “Atajifunza.”

Ndipo Generosa, juu ya bega la nyapara, akamwona Paskalia amesimama jua linampiga. Ignas akafuata macho yake, akageuza shingo, na tabasamu likamwanguka.

“Huyo mwanamke aondoke. Mlango ufungwe. Mmesikia nilichotangaza.”

“Nilisikia,” Generosa akasema. “Filimbi yako inasikika mpaka kwetu Bukoba.”

Akapakua ugali, akauweka mkekani unafuka. Akapiga magoti kando ya kitanda cha mumewe, akaingiza mkono uvunguni, akavuta kitu kilichoviringishwa kwenye gunia. Cornel alimtazama. Hakumzuia. Gunia likafunguka, na mrija mrefu wa shaba ukaanguka mkekani, kando ya kuku, ukagonga sahani kwa mlio. Ndio uliokuwa ukipitisha moshi wa kambi nzima. Na shingoni mwake, wazi kwa kila mwenye macho, umepigwa muhuri wa karakana ya mgodi, kwa sababu Ignas ndiye aliyeuiba huko, akaubeba chini ya lile koti la kaki, akamletea Generosa mwaka jana akimwambia, “Pika, mama, vijana wanaumwa macho.”

Ignas alipeleka mkono kwenye mrija. Generosa akautia chini ya goti lake.

“Gusa,” akamwambia. “Gusa uone kama mchi wangu unajua kushuka.”

“Utalala nje leo,” Ignas akasema, sauti inatetemeka kwa hasira, mkono umeshafika kwenye filimbi. “Ninyi wote wawili, na kilema wenu!”

“Puliza. Waje wote.” Generosa hakumtazama tena. Alichukua bakuli la maji ya kunawa lililokuwa mbele ya nyapara, akayamwaga mlangoni, akaweka mengine masafi, akalielekeza kwa mwanamke ambaye asubuhi ile alitaka kumpasua kichwa.

“Mama Onesmo, umesimama juani mpaka lini? Karibu ndani. Nawa mikono, ukae hapa kwenye nafasi ya Nyapara, ule ushibe upesi kabla lori halijaondoka, maana huko ofisini kwa Bwana Kijiko mimi na wewe tutasema mpaka koo zikauke. Karibu, dada. Ugali unapoa.”